Mtoto Mchanga Hataki Mapambo, Anataka Nafasi



Najua nimekuwa kimya. Wiki ya saba hii sijaandika chochote hapa, na wengine mmeshanitumia ujumbe mkiuliza kama nimehamia Dar bila kuaga. Sijahama. Niko Chumbageni, nyumba ile ile ya kupanga, chumba na sebule, majirani wale wale. Kilichobadilika ni idadi: tulikuwa wawili, sasa tuko watatu. Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, kilo 3.2, na wote wawili ni wazima. Asanteni kwa pongezi, zimefika.

Leo mniwie radhi. Sitaandika siasa, wala bandari, wala Coastal Union. Naandika juu ya kitanda. Mkiona hii ni mada ya kina mama, tafadhali msikimbie, maana nyie vijana wenzangu wa kiume ndio ninaowalenga.

Miezi miwili kabla mtoto hajazaliwa nilikwenda Dar kikazi. Nikapita Kariakoo, nikaona kitanda cha mtoto: mbao nyeupe, fito pembeni, na ndani kimejaa vitu. Mito minne yenye picha za tembo, sponji za kuzungushia pembeni, mdoli, na blanketi zito la manyoya utadhani tunaishi Lushoto. Laki tatu na ushei. Nikatoa hela, nikakipakia kwenye buti la basi, na washkaji wakaja kukifunga. Tukakiweka sebuleni mkabala na mlango ili kila mgeni akione. Tukakipiga picha. Nikajiona baba kamili kabla hata mtoto hajaja.

Mtoto alikilalia usiku mmoja tu. Na usiku huo hakuna aliyelala, maana mke wangu alikuwa anatembea kutoka chumbani hadi sebuleni kila baada ya saa mbili kwenda kunyonyesha, na mshono bado mbichi. Usiku wa pili mtoto akahamia kwenye kitanda chetu cha futi tano kwa sita, katikati yetu. Kile cheupe kikageuka kabati la nepi.

Usiku wa tano nilikuwa nimesharudi kazini. Nilifika nyumbani karibu na saa sita usiku nikiwa hoi, nikajitupa kitandani nikalala kama gogo. Saa tisa umeme ukakatika, feni ikazima, na joto likaniamsha. Nikawasha tochi ya simu. Mkono wangu, huu huu ninaoandikia, ulikuwa juu ya kifua cha mtoto, na pembe ya lile blanketi la manyoya ilikuwa imemfunika mpaka puani. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, taratibu, bila kulia. Mtoto wa siku tano hana nguvu ya kusukuma mkono wa baba yake.

Nikautoa mkono, nikatoa blanketi. Alikuwa mzima. Mimi sikulala tena mpaka kukakucha.

Mnajua nilikuwa nafikiria nini? Nilikuwa nafikiria habari niliyoiandika miaka mitatu nyuma, nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii. Mtoto wa wiki mbili alikutwa amefariki kitandani katika kata moja ya pembezoni. Niliimaliza kwa sentensi nne. Kichwa kilisema mama amemlalia mwanawe. Nani alisema amemlalia? Jirani. Je, niliuliza mtoto alilazwa chali au kifudifudi? Sikuuliza. Niliuliza kitanda kile kilikuwa na watu wangapi, godoro la namna gani, kulikuwa na jiko la mkaa chumbani? Hapana. Nilipata kichwa cha habari, mhariri akakipenda, tukaenda kunywa chai. Kama ile tochi ningeiwasha nusu saa baadaye, kuna kijana mwenzangu angekuja kuandika sentensi nne juu ya mke wangu. Na mkono ulikuwa wangu!

Tangu usiku ule nimesoma, nimeuliza, nimebishana na watu wazima, na nimebaki na hoja moja. Mahali salama pa kumlaza mtoto mchanga hapapatikani kwa kuongeza vitu. Panapatikana kwa kuondoa vitu. Na wa kwanza kuondoa, wakati mwingine kuondoka kabisa, ni baba.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kumlaza chali. Mama mkwe alikuja kutoka Pangani kumlea binti yake mpaka arobaini iishe, na kama mnavyojua, ndani ya arobaini mwenye nyumba si wewe. Yeye alitaka mtoto alale kifudifudi. "Akilala chali akicheua atapaliwa na maziwa, baba." Nikasema, "Sawa mama." Ningesema nini? Lakini jirani yetu wa mlango wa pili ni nesi mstaafu, mtu wa rika lake, na yeye hakuwa na sababu ya kunyamaza.

Akamweleza hivi. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula inakuwa chini yake. Maziwa yakirudi, yanabaki chini, na ili yaingie kwenye hewa inabidi yapande. Ukimgeuza kifudifudi, umezipindua njia zote mbili: sasa maziwa yanakuwa juu ya mlango wa hewa. Yaani kile anachokiogopa mama mkwe kina nafasi kubwa zaidi kwa ule ulalo anaoupenda. Kumlaza ubavu nako hakusaidii, maana mtoto mdogo anabiringika mwenyewe akaangukia tumbo.

Mama mkwe akasema watoto wake saba wote aliwalaza kifudifudi na wote wapo. Nesi akamjibu kwa upole, "Dada yangu, wanaokuja kutushuhudia ni waliopona. Waliokwenda hawarudi kubisha."

Kukawa kimya. Kisha mama mkwe akasema, "Mimi nilizaa wanane."

Hakuongeza neno, na mimi mwandishi wa habari kwa mara moja sikuuliza swali. Usiku ule alimlaza mjukuu wake chali kwa mikono yake mwenyewe.

Tusidhani kosa hili ni la bibi zetu peke yao. Marekani kulikuwa na daktari maarufu, Benjamin Spock, ambaye kitabu chake cha malezi kilitoka mwaka 1946 na kikauzwa kwa mamilioni. Kuanzia matoleo ya miaka ya 1950 aliwashauri wazazi wawalaze watoto kifudifudi, kwa sababu ile ile ya mama mkwe wangu: kucheua. Wasomi wa dunia nzima wakamfuata. Ilichukua miongo mitatu mpaka watafiti wakakubaliana kwamba watoto wanaolazwa kifudifudi wanakufa usingizini zaidi kuliko wanaolala chali.

Waliobadilika mapema ni Waholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1980, na New Zealand mwaka 1991. Na hapa kuna mtu anayenihusu kikazi. Anne Diamond alikuwa mtangazaji wa televisheni Uingereza. Julai 1991 mwanawe Sebastian, mtoto wa miezi minne, alifariki usingizini. Mama huyu hakuishia kulia. Alifunga safari mpaka New Zealand kuuliza wenzao wanafanya nini, akarudi akaishinikiza serikali yake na wakuu wa afya waitangazie nchi. Kampeni ya kuwalaza watoto chali ikaanza mwisho wa mwaka ule ule. Ndani ya miaka michache vifo vya namna ile nchini mwao vilishuka kwa zaidi ya nusu. Wamarekani wakafuata na kampeni yao mwaka 1994, nao wakaona kushuka kama huko. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa. Ni kumgeuza mtoto tu, na watu kuambiwa.

Mwandishi mmoja aliuliza maswali, watoto maelfu wakapona. Mwandishi mwingine, mimi, aliandika sentensi nne.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya Wazungu, sisi tuna matatizo makubwa zaidi. Ni kweli tunayo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 unaonyesha kuwa Tanzania, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kumaliza mwezi mmoja. Wengi wao wanaondoka kwa kuzaliwa njiti, kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au kwa maambukizi. Kitanda hakitibu hayo. Lakini mtoto aliyevuka hayo yote, akatoka hospitali mzima, akaja kukosa pumzi nyumbani kwenye blanketi la manyoya la laki tatu, huyo tunaweza kumzuia bila kusubiri bajeti ya serikali.

Hebu sasa tuingie chumbani, chumba cha kawaida cha hapa kwetu, tuone cha kuondoa.

Ondoa mto. Mtoto mchanga hana haja ya mto, uwe wa sufi, wa pamba au wenye picha ya tembo. Kichwa kikiinuliwa kidevu kinashuka kifuani na njia ya hewa inajikunja. Ondoa zile sponji za pembeni, ondoa midoli, ondoa blanketi zito. Kwa joto la Tanga wakati wa kaskazi, khanga moja nyepesi inatosha. Imfike kwapani, na upande wa chini uchomekwe kwenye godoro ili isipande usoni. Kofia mvue akilala ndani, maana mtoto anapoza joto lake kupitia kichwani. Ukitaka kujua kama amepata joto sana usimguse mikono, mguse kifua au kisogo. Ukikuta jasho, mpunguzie nguo.

Godoro liwe gumu na bapa. Ukilikandamiza kwa kiganja likabaki na shimo, halimfai. Kile kitanda cha kamba cha wazee wetu, teremka tukaze, kina raha yake kwa mtu mzima, lakini katikati kinabonyea kama machela, na mtoto anateremkia kwenye bonde lile pua ikiwa imegandamizwa. Kochi ndilo baya kuliko vyote. Ukiwa umechoka, usikae kwenye kochi na mtoto kifuani ukitazama mpira wa Ulaya saa sita ya usiku. Utasinzia, na yeye atateremka kati yako na mto wa kochi.

Ondoa moshi. Jiko la mkaa lisiwekwe chumbani, hata kama mama anakandwa na mlango umefungwa kuzuia upepo. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wazima sembuse mtoto. Chetezo cha ubani kipitishwe mtoto akiwa chumba kingine, kisha madirisha yafunguliwe. Sigara ndiyo kabisa. Mtoto wa mvutaji yuko kwenye hatari zaidi hata kama baba anavutia uani.

Vipi kuhusu hirizi shingoni, na mkasi au kisu chini ya mto? Sijaja kubomoa imani ya mtu. Sisi tulikubaliana hivi: kamba isikae shingoni mtoto akilala, na chuma kikae uvunguni. Mama mkwe akaridhika, na mimi nikalala.

Kitu kimoja tu msikiondoe: chandarua. Na hiki tukionee fahari, maana majaribio ya mwanzo ya vyandarua vyenye dawa yalifanyika hapa hapa mkoani kwetu, Muheza, miaka ya 1980. Leo mjamzito anapewa chandarua anapoanza kliniki. Kikiwa kipya kianikwe kivulini siku nzima, kisha kifungwe na kichomekwe chini ya godoro pande zote, kikae mbali na uso wa mtoto. Vile vidogo vyenye umbo la kawa la kufunikia chakula ni vizuri pia, mradi kiwe kimepanuka na mtoto asikiguse.

Sasa swali gumu. Alale na mama kitanda kimoja au asilale?

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6, ila juu ya mahali pake mwenyewe. Naukubali huo kama lengo. Lakini naishi Chumbageni, siishi kwenye mwongozo. Najua vyumba ambavyo kikiingia kitanda cha pili mlango haufunguki. Najua mama anayenyonyesha saa nane usiku atasinzia tu, na afadhali asinzie kwenye kitanda kilichoandaliwa kuliko kwenye kochi. Kwa hiyo ukweli tuambizane wote. Kama mtoto atakuwa kitandani kwenu, basi awe upande wa mama, siyo katikati, na siyo karibu na kaka yake wa miaka mitatu. Kitanda kisiache upenyo na ukuta. Mito na mashuka mazito yakae mbali. Na kama kuna aliyekunywa pombe, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa ya usingizi, huyo asilale hapo. Mtoto aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo asilale kitanda kimoja na mtu yeyote.

Njiti wana utaratibu wao: huduma ya kangaruu, mtoto anafungwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi 5, Tanzania ikiwemo, na kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuianza mapema, mara tu baada ya kuzaliwa, kulipunguza vifo vya watoto hao kwa asilimia 25. Hapo mahali pa mtoto ni mwili wa mama, akiwa chini ya uangalizi wa wauguzi, na baba naye anaweza kupokea zamu.

Ndipo nakuja kwetu wanaume. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, na baba siku 3. Siku 3! Mimi zangu ziliisha kwenye foleni ya hospitali na kupokea wageni. Usiku wa tano nilikuwa mtu niliyechoka, mwenye usingizi mzito, na nimelala sentimita kumi kutoka kwa mwanangu. Sheria inatuona kama wageni waalikwa kwenye uzazi, na sisi wenyewe tumeukubali ugeni huo. Tunanunua kitanda kama zawadi, tunakipiga picha, tunaondoka.

Kazi ya baba katika siku zile si kununua. Ni kupima chumba kwa futi. Ni kuuza lile kabati la nguo lililokula ukuta mzima. Ni kusogeza kitanda, kufunga chandarua, kuamka kumrudisha mtoto mahali pake baada ya kunyonya. Na ukirudi umechoka au umepiga mbili tatu, chukua mkeka ukalale sebuleni. Haikupunguzii ndoa.

Na la mwisho, kwa wanaosema hawana hela ya kitanda. Finland tangu mwaka 1938 serikali huwapa wazazi boksi lenye vifaa vya mtoto na kigodoro kidogo chini, na watoto wengi sana wamelala ndani ya boksi hilo hilo. New Zealand, Wamaori walikuwa wanapoteza watoto wengi kuliko wenzao, na walikuwa hawataki kuambiwa wasilale na watoto wao. Mwaka 2006 wasusi wao wakaanza kusuka kwa majani kitanda kidogo kiitwacho wahakura, kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi, mtoto akawa karibu na mama lakini kwenye nafasi yake. Utafiti wa mwaka 2017 kwa kina mama 200 ulilinganisha wahakura na kitanda cha kawaida cha mtoto. Wahakura haikuongeza hatari, na waliokuwa bado wananyonyesha kikamilifu kwenye miezi 6 walikuwa wengi zaidi.

Kusuka kwa majani, jamani! Mwambao huu wote kina mama wanasuka ukindu: mikeka, makawa, vikapu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 ni ya wanawake. Naomba watu wa afya wa mkoa wakae meza moja na wasusi watoe kipimo: chini bapa na pagumu, kingo zinazopitisha hewa, kigodoro chembamba kinachojaa sawasawa. Bei yake haitafika laki tatu.

Kitanda changu cheupe nimekihamishia chumbani, upande wa mke wangu, ndani ya chandarua. Kiko kitupu. Godoro, shuka lililokazwa, mtoto, khanga. Wageni wanakitazama wanauliza mbona hatujakipamba. Mito ya tembo iko juu ya kochi, anailalia baba yake.

Ile habari ya sentensi nne siwezi kuifuta. Ila waandishi wenzangu, siku mkipewa habari kama ile, kabla ya kuandika kwamba mama amemlalia mwanawe, ulizeni alilazwaje, juu ya nini, na nani mwingine alikuwa kitandani. Na baba alikuwa wapi.

Nawasilisha.